Menifoldi ya kuingizia hewa: alumini au chuma?

Ukiunda menifoldi mpya (mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda) ya 4G63, injini ya gari la Mitsubishi Lancer Evolution, swali hili halikwepeki. Kwa gharama, chuma kinashinda: bomba zinapatikana, na gereji nyingi zina mashine ya kukichomelea. Alumini inadai TIG (uchomeleaji wa umeme kwa sindano ya tungsteni), gesi ya agoni na mkono uliozoea. Uzito hauna mjadala: kwa ujazo uleule, alumini ni theluthi tu ya chuma.

Penye utamu ni kwenye flanji, yaani bamba linalofungwa kwa boli kwenye injini. Hedi ya 4G63, kifuniko cha juu ya silinda, ni alumini, hivyo flanji ya alumini hutanuka nayo sawia. Ya chuma hutanuka karibu nusu tu, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayoumia. Lakini alumini hupinda ikichomelewa. Ifunge kwa boli kwenye bamba nene kwanza. Ikipoa, isimamishie rula ya chuma na umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, ipeleke ikasawazishwe kwa mashine. Usiufiche mwanya huo kwa silikoni.

Chuma nacho huota kutu ndani, na magamba yake huvutwa moja kwa moja hadi kwenye valvu. Hilo linanitisha kuliko uzito.

Kama bado unatafuta urefu sahihi wa bomba, leo unakata, kesho unaunga, tumia chuma. Kama ni gari la kila siku, tena mji wa pwani, jikaze ulipie alumini.