Mshauri wa pensheni aliyetutembelea shuleni, Kisumu

Mimi ni matroni wa bweni katika shule moja ya kibinafsi hapa Kisumu, nina miaka 46. Novemba 2025 kampuni inayosimamia pensheni yetu ya kazini ilimtuma mshauri wake, tukakaa naye Jumamosi asubuhi nzima katika chumba cha walimu. Jina la kampuni naliacha kwa kuwa nina lawama nayo. Lakini dada aliyekuja, kazi yake naisifu kwa moyo wote.

Aliomba chaki. Akamwita mpishi wetu msaidizi, kijana wa miaka 26 anayelipwa 24,000, kisha akaniita mimi ninayelipwa 38,000. Akatueleza hesabu ya kukadiria wanayoitumia Uingereza: umri wako unapoanza kuweka akiba ya uzeeni ugawe kwa mbili, jibu ndilo asilimia ya mshahara ya kuweka kila mwezi tangu hapo, fungu lako na la mwajiri kwa pamoja. Alisisitiza kwamba ni makadirio tu, si sheria.

Kijana akapata asilimia 13. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, inamkata 6, shule inatoa 6, kwa hiyo amebakiza asilimia moja: shilingi 240 kwa mwezi.

Mimi nikapata 23. Kilichobaki baada ya zile 12 za NSSF ni asilimia 11, yaani shilingi 4,180.

Nikabisha. "Dadangu, mimi sianzi leo, nachangia tangu Februari 2009!" Akanijibu kwa upole, "Mama, hebu tuhesabu." Hadi Januari 2023 makato yalikuwa 200 yangu na 200 ya shule. Kwa mwaka 4,800. Kwa miaka 14 ni 67,200, kabla ya faida. Miaka 14 ya kuamka saa kumi usiku kuwaamsha wasichana wa watu! Hesabu hiyo iliniuma, na bado namshukuru kwa kunifanyia mbele ya vijana, maana walioandika kwa haraka zaidi siku hiyo walikuwa wao. Viwango vya asilimia 6 vilipoanza Februari 2023 wengi wetu tulinung'unika kwamba mshahara umeliwa. Mimi nilinung'unika zaidi ya wote.

Jambo lingine ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: mchango wa pensheni hadi 30,000 kwa mwezi huondolewa kabla ya kodi kupigwa. Kwa mshahara wangu, nikiongeza 4,180, kodi inapungua kwa takriban 1,100, hivyo mfukoni natoa kama 3,000 na kitu. Chama chetu cha akiba cha Kibuye nakipenda, kimenisomeshea watoto wawili, ila punguzo la namna hiyo hakinipi.

Sasa lawama. Taarifa ya akaunti yangu ya mwaka uliotangulia niliifuata kwa simu mara nne ndipo ikaja, na ilipokuja fungu la shule la miezi miwili halikuwemo. Walilirekebisha baada ya wiki tatu. Fomu ya mchango wa hiari nayo ni Kiingereza kitupu. Mlinzi wetu aliitia sahihi kwa kusomewa na mimi, na mimi si wakili. Pesa za mtu za uzeeni hazitakiwi kushughulikiwa hivyo. Kampuni yenye mshauri hodari kiasi kile inaweza kuandika kurasa mbili za Kiswahili.

Nyota nne kwa mshauri, mbili kwa ofisi yake.

Kitinda mimba wangu yuko kidato cha tatu, kwa hiyo nimeanza na 2,000. Karo yake ikiisha nitapanda hadi 4,180. Kijana wa jikoni alijaza 500, zaidi ya maradufu ya alichoambiwa, na kila mwisho wa mwezi huniletea hati yake ya mshahara tukague pamoja kama imekatwa.