Baba wa babu yangu ni nani? Uzoefu wangu na vitabu vya parokia na vyeti vya serikali

Tulikuwa tunajengea makaburi ya wazee wetu kijijini, mkoani Morogoro. Fundi wa marumaru akaniomba majina kamili na miaka. Ya babu mzaa baba nikampa papo hapo: alizaliwa 1909, akafariki 1984, mimi nikiwa darasa la tatu. Tulipofika kwenye kaburi la baba yake, yule tuliyezoea kumwita Babu Seremala, nikabaki na jina la ubatizo tu. Hakuna aliyejua alizaliwa lini, wapi, wala alikuwa mtoto wa nani. Nikamwomba fundi anipe wiki mbili nikaulizie. Ikawa miezi kumi na minne.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuwatafuta wazazi wa babu au bibi yake kwa njia ya rekodi. Majina ya watu wetu nayaacha, maana ukoo bado uko hai, na ofisi na parokia nilizopita nazo sizitaji.

Nilianzia serikalini, kwa sababu babu alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Hilo lenyewe lilipaswa kunishtua. Sheria ya Tanganyika ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, na hata baada ya hapo Mwafrika wa kijijini hakulazimishwa kusajili mtoto kwa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa porini Morogoro mwaka 1909 angesajiliwa na nani? Cheti cha babu kilitolewa mwaka 1968, alipokuwa anafuatilia mafao yake ya reli.

Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa imechanika pale penye namba ya ingizo. Bila namba hiyo, kumtafuta mtu ni kupekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa daftari za miaka hiyo zimehamishwa, mara ya pili mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Mara ya tatu nikamkuta mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, akanyanyuka mwenyewe akaenda nami stoo. Ndani ya saa moja alikuwa ameliona jalada. Jina la baba: Babu Seremala. Muhuri upo, saini ipo. Nikalipia nakala, nikamshukuru, nikapanda basi nikiwa na furaha tele.

Kosa langu lilikuwa kutosoma karatasi ya pili kwenye jalada lile, nayo nilikuwa nimeipiga picha. Ilikuwa kiapo. Aliyetoa taarifa ni babu mwenyewe, akiwa na miaka karibu sitini, na shahidi wake ni jirani mdogo kwake kwa umri. Cheti kile hakikutoka kwa mtu aliyekuwepo mwaka 1909. Yalikuwa maneno ya familia yetu wenyewe, yamegongwa muhuri wa serikali.

Kwa upande wa parokia, nilianza na barua ya utambulisho kutoka jumuiya yangu ndogondogo hapa Dar es Salaam, ikasainiwa na paroko wangu. Usiende bila barua hiyo. Vitabu vile vina siri za watu, na walinzi wake wana haki ya kujua wewe ni nani.

Hapa pia nilikosea mwanzoni, na hili ndilo ninaloomba ulishike kuliko mengine yote. Katibu wa parokia, dada mkarimu sana, alinikaribisha akatoa fomu ya cheti cha ubatizo akaanza kuuliza. Babu yako alibatizwa kwa jina gani? Baba yake nani? Mama yake nani? Mimi nikajibu yote kwa kujiamini. Akafungua kitabu, akatafuta jina, akachukua tarehe na namba ya LB (Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha ubatizo), akaijaza fomu. Paroko akasaini. Nikatoka na cheti kizuri kisemacho vilevile kama cha serikali, nikajiambia sasa nina ushahidi wa pande mbili. Kumbe kwenye nafasi ya wazazi yule dada alikuwa ameandika nilichomwambia. Hakuwa na nia mbaya, maana kazi yake ya kila siku ni vyeti vya wanaotaka kufunga ndoa, na hao wazazi wao wanajulikana.

Aliyenizindua ni binamu yangu ambaye ni mtawa. Alikiangalia cheti akaniuliza, "Dada, mbona hapa kwenye ndoa pako wazi? Babu alifunga ndoa kanisani. Kitabuni lazima iandikwe pembeni. Wewe kitabu chenyewe ulikiona?" Akanieleza kwamba tangu amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika mwaka 1908, padre anayefungisha ndoa anapaswa kuhakikisha inaandikwa pembeni ya mstari wa ubatizo wa wahusika, hata kama walibatizwa parokia nyingine. Kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kukupeleka kwenye ndoa ya mtu, mahali na mwaka, bila kubahatisha.

Nikarudi. Safari hii nilimwomba paroko nikione kitabu chenyewe, na nikamwambia kabisa kwamba sitamtajia jina la baba mpaka alisome yeye. Alikuwa padre kijana, akakubali kwa moyo. Alikileta kwa mikono miwili. Ni kitabu kirefu chenye jalada la ngozi, kona ya chini imeliwa na mchwa, na wino umekuwa rangi ya kutu. Kimeandikwa Kilatini. Akatembeza kidole kwenye karatasi: namba, siku ya kubatizwa, siku ya kuzaliwa (siku nne kabla), jina la mtoto. Kisha jina la baba. Halikuwa jina la Babu Seremala. Pembeni yake kulikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa kalamu, alama ya marehemu. Jina la mama lilikuwa lile tunalolijua, la bibi aliyezikwa ubavuni mwa Babu Seremala. Na mbele, chini ya neno Patrinus, yaani msimamizi wa ubatizo, ndipo lilipokuwa jina la Babu Seremala.

Nilimwomba alisome tena. Akalisoma mara tatu, polepole. Pembeni palikuwa na ndoa ya babu na bibi, mwaka 1934, kwa hiyo alikuwa yeye bila shaka yoyote.

Padre hakuishia hapo. Alisema kama yule seremala na mama wa mtoto wamezikwa pamoja, huenda walioana baadaye, tuangalie kitabu cha ndoa. Tuliikuta mwaka 1912. Mama ameandikwa vidua, mjane, na jina la mume wa kwanza lipo. Chini kulikuwa na mstari wa ziada ambao mimi ningeupita bila kuutazama, ukitaja kibali cha kuondoa kizuizi cha cognatio spiritualis. Padre akatabasamu. Alinieleza kwamba kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule msimamizi wa ubatizo na mzazi wa mtoto walihesabiwa kuwa na udugu wa kiroho, hawakuruhusiwa kuoana bila kibali maalumu. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917, ulioanza kutumika 1918, ukaondoa kizuizi hicho kati ya msimamizi na wazazi. Lakini mwaka 1912 kilikuwepo, kwa hiyo padre wa siku zile alilazimika kuandika kwa nini anawafungisha ndoa watu hawa wawili. Laiti wangeoana miaka kumi baadaye, mstari ule usingekuwepo.

Ndiyo kusema Babu Seremala alimshika babu yangu kwenye maji ya ubatizo wakati baba wa mtoto tayari yuko kaburini, na miaka mitatu baadaye akamwoa mjane akamlea mtoto kama wake. Babu alipoulizwa jina la baba mwaka 1968 hakudanganya. Alimtaja baba aliyemjua.

Kurasa chache nyuma tulipata ndoa ya kwanza ya mama, mwaka 1906. Pembeni ya jina la mume ameandikwa kuwa amebatizwa Bagamoyo. Hapo nikaelewa kwa nini kwetu hatuna ukoo wa kuuelezea. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kuwaweka pale watoto waliokombolewa utumwani. Walisomeshwa, wakafundishwa ufundi, wakaozwa, kisha familia changa zikapelekwa bara kuanzisha misheni mpya, Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, na nyinginezo. Vijiji vingi vya Kikristo vya Morogoro vina mizizi pale.

Kumtafuta yule mume wa kwanza kwenye vitabu vya zamani vya Bagamoyo kulichukua muda, kwa sababu walioandika walikuwa Wafaransa. Walisikia jina kwa sikio lao wakaliandika hivyo. Sauti yetu ya u mara nyingi ni ou, kwa hiyo jina linaloanza na Mu- litafute pia kwenye Mou-. Hata nchi yetu wanaiita Zanguebar, usije ukadhani ni Unguja peke yake. Mimi nilikuwa nimelipita jina lile mara mbili.

Mstari wake ni mfupi kuliko yote niliyoiona. Mwaka 1888, jina la ubatizo, umri "kama miaka minane". Kwenye nafasi ya wazazi: ignoti. Hawajulikani. Halafu neno moja, Mnyasa.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Mtoto wa miaka minane anajua jina la mama yake. Mwanangu wa mwisho ana miaka minane sasa, anajua hata namba yangu ya simu. Ama hakuulizwa, ama aliulizwa na mtu asiyeelewa lugha yake, ama alikataa kusema. Nimelia kwa ajili ya watu wengi maishani, lakini sikutegemea kulia kwa ajili ya neno la Kilatini.

Tahadhari kuhusu neno hilo Mnyasa, na mengine ya aina hiyo: lisikufanye uwaambie ndugu zako kwamba ninyi ni watu wa Malawi. Pwani waliitwa Wanyasa watu wengi waliosukumwa kutoka pande zote za Ziwa Nyasa, wa makabila mbalimbali. Linakuonyesha njia aliyopitishwa, kijiji halikuambii. Shirika lenyewe lina hifadhi ya nyaraka Chevilly-Larue, Ufaransa, na huko ndiko nitakakoulizia tena.

Kuhusu gharama, nakala ya serikali na vyeti vya parokia havikunifilisi. Kilichokula fedha ni nauli na kulala. Parokia ya Morogoro haikunidai kitu kwa kufunguliwa vitabu, nikatoa sadaka kwa hiari yangu. Kupiga picha ukurasa mzima sikuruhusiwa, maana una majina ya watu wengine, ila niliruhusiwa kunakili mistari yetu kwa mkono na padre akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Tovuti za nasaba za ng'ambo nilizipitia usiku mwingi. Kwa mtu wa asili yangu hazikuwa na la kunipa.

Kama ningetoa nyota, huduma ya parokia ningeipa tano, kwa masharti kwamba uone kitabu na wala si fomu. Ya serikali ningeipa tatu. Kwa babu yako aliyezaliwa kabla ya uhuru, cheti cha serikali kitakuambia familia ilisema nini. Kwa mama yako aliyezaliwa hospitali mwaka 1970, ningeanza na serikali bila kusita. Na popote uendapo, omba uone kiapo kilichoambatishwa, tazama tarehe ya kutolewa, na jibu la swali la baba usilitoe wewe.

Habari nilimpelekea kwanza shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye ana miaka zaidi ya themanini. Niliogopa atakasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha, kisha akasema, "Mwanangu, baba yetu kila tarehe mbili Novemba alikuwa anaandikisha misa ya marehemu. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka bahasha. Alikuwa anaandika: kuwaombea baba zangu. Tulidhani anawaweka na baba zake wadogo."

Nikamuuliza baba wadogo walikuwa kina nani.

Akaacha mchicha. "Hakuwa nao."

Fundi nilimpigia wiki iliyofuata. Kaburi la yule wa Bagamoyo hatujui liko wapi, kwa hiyo kwenye marumaru ya Babu Seremala tumeandika jina lake yeye kwanza, na chini yake la mwenzake, na mbele ya kila jina neno BABA. Fundi aliniuliza kama sijakosea, kaburi moja baba wawili. Nikamwambia aandike hivyohivyo.