Kliniki ya ngozi: kumbe halikuwa choa

Miezi mitano nilipaka dawa ya fangasi kwenye duara lililoota nyuma ya kiganja cha kushoto. Duka la dawa walisema ni choa, nami nikaamini. Duara likazidi kutanuka. Kliniki hii nawapa nyota nne.

Daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alipitisha kidole ukingoni mwa duara, akauliza, "Linatoa magamba?" Hata kidogo. Choa huwa na magamba, akasema, hili ni laini, lina vinundu tu vilivyojipanga kama shanga. Akalikandamiza kwa kipande cha kioo aone rangi inayobaki damu ikisukumwa kando. Kisha ganzi (hiyo sindano ndiyo iliyouma, mengine sikuyasikia), akatoa kipande cha ngozi cha milimita 4, akashona nyuzi mbili, basi.

Nilichopenda zaidi ni jinsi alivyonisomea majibu. Maabara waliona granuloma, yaani seli za kinga zilizokusanyika, zimezingira kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) iliyoharibika. Ila kifua kikuu cha ngozi, ukoma na hata fangasi navyo huleta granuloma, kwa hiyo walitumia rangi maalumu kusaka vijidudu. Hawakukuta kitu. Nikapigwa pia eksirei ya kifua, kuangalia sakoidosisi, ugonjwa mwingine wa granuloma ambao hupenda mapafu. Safi. Ugonjwa wangu jina lake granuloma anulare: haiambukizi, na mara nyingi huondoka yenyewe.

Nyota ya tano nimewanyima watu wa mapokezi. Majibu yalilala mezani siku tisa bila mtu kunipigia simu.