Kasha dogo la kompyuta kwa nyumba ya Moshi: uzoefu wangu na NR200P

Kama unaunda kompyuta ndogo ya nyumbani na unaishi mtaa wa vumbi kama huku Pasua, usianze kwa kuuliza kasha lipi ni dogo kuliko yote. Uliza lipi linapitisha hewa na lipi linafunguka upesi. Mimi natumia Cooler Master NR200P, na hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nilichague.

Nahariri video za harusi na sendofu. Chumba cha kazi ndicho cha kulala na meza ni moja, inayobeba skrini, spika na kila kitu kingine. Bila kuhesabu miguu na vinavyotokeza, NR200P ina upana wa milimita 185, kimo 274 na kina 360, yaani ujazo wa lita 18.25. Linakaa pembeni ya skrini na bado napata pa kuweka daftari. Madabodi yake, yaani ubao mkuu unaounganisha vipande vyote, ni ya saizi ndogo iitwayo Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, yenye nafasi moja tu ya kadi. Kwangu inatosha, maana kadi ninayohitaji ni ya michoro peke yake.

Yapo madogo zaidi. Fractal Design Node 202 ina lita 10.2 na kwa umbo inapendeza sana, unaweza kuilaza chini ya televisheni. Lakini kipoozi cha prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, humo hakiruhusiwi kuzidi kimo cha milimita 56. Joto la Moshi la Januari na Februari tunalijua. Video yenye urefu wa saa tatu inapotolewa mchana kuwa faili la mwisho, prosesa inafanya kazi kwa nguvu zake zote mfululizo, na kipoozi kifupi lazima kizungushe feni kwa kasi kubwa na kelele nyingi. NR200P inapokea kipoozi cha hadi milimita 155, na kadi ya michoro ya hadi milimita 330. Niliweka kipoozi cha mnara, yaani kirefu cha kusimama, na kadi yenye feni mbili, na chini yake kukabaki nafasi ya feni mbili za milimita 120 zinazovuta hewa safi kuelekea kwenye kadi. Usiku nikiacha kazi inajitoa yenyewe, nalala.

Hilo la vumbi ndilo ninalotaka lisomwe vizuri. Kiangazi gari likipita tu, dakika chache baadaye unaweza kuandika jina juu ya meza. Hakuna chujio litakalozuia vumbi lote, kwa hiyo usafi lazima uwe rahisi, la sivyo utauahirisha mpaka kompyuta ianze kujizima kwa joto. Kwenye NR200P mbavu zote mbili, uso na kifuniko cha juu vinavutwa kwa mkono bila bisibisi, na unabaki na fremu iliyo wazi pande zote. Nazima, nachomoa waya wa umeme, natoa nje barazani, napitisha brashi ya rangi isiyowahi kutumika kisha pulizo. Shika panga za feni kwa kidole unapopuliza, zisizunguke kwa kasi zisizoundiwa. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa.

Toleo hili la P linakuja na ubavu wa kioo na mwingine wa chuma chenye matundu. Kioo kinaonyesha kila kilichomo ndani, na vijana wanaokuja kuchukua video zao wangekipenda. Mimi nimefunga cha matundu, na kioo kimebaki kwenye boksi juu ya kabati. Kwenye kasha la ukubwa huu, ubavu ulio karibu na prosesa ndio mlango wa hewa. Ukiuziba kwa kioo unapunguza faida uliyoinunua.

Sasa suala la pawa saplai, kipande kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambalo kwa mtu wa Moshi au Arusha ni zito kuliko hata kasha lenyewe. NR200P inataka ya saizi ya SFX, kile kipande kidogo cha milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, au SFX-L iliyo ndefu kidogo. Madukani mjini ninazoziona ni ATX, zile kubwa za kawaida. Hivyo kasha, madabodi na pawa saplai niliagiza pamoja kupitia Kariakoo, vikapandishwa basi pale Mbezi. Usinunue kasha kwanza ukitegemea kwamba SFX utaitafuta baadaye. Na hesabu ya gharama ifanye kwa vitu vyote vitatu, kwa sababu madabodi ndogo na SFX kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ndugu zake wakubwa wenye uwezo uleule.

Kuna faraja moja. Plagi za SFX na ATX zinazoingia kwenye madabodi ni zilezile. Yako ikiungua kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, unaweza kufungua ubavu, ukaiweka ATX ya kawaida mezani kando ya kasha na kuendelea na kazi hadi mpya ifike. Ila tumia nyaya za pawa saplai hiyohiyo. Nyaya za kuchomoa za kampuni tofauti hufanana kwa macho huku ndani zimepangwa tofauti, na kuchanganya kunaweza kuunguza kila kitu. UPS, ile betri ya akiba umeme unapokatika, nayo usiiache dukani.

Anayeona SFX ni usumbufu namshauri alitazame kasha jingine la Fractal Design, Node 304. Inakaribiana na NR200P kwa ujazo, inapokea ATX ya kawaida isiyozidi milimita 160, na ina nafasi ya hadidiski sita. Kwa mpiga picha mwenye kumbukumbu za miaka mingi, ningesema achukue hiyo.

Na ambaye kazi yake ni ofisi, masomo na filamu, bila kadi ya michoro, Node 202 niliyoiacha mimi inamfaa kabisa. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ina michoro yake ndani, inakadiriwa wati 65, na kipoozi kinachokuja nayo kina kimo cha milimita 54. Kinaingia, zikibaki milimita mbili.