Hilux singo kebini na chenso mbili kwenye kazi ya miti: nilivyochagua na ninavyozitunza

Watu wananiuliza sana natumia nini kwenye kazi ya miti, nikianza kujibu wao wanataka tu chenso (msumeno wa injini) ni cc ngapi na gari ni lita ngapi, basi. Mi kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, kuangusha, kupunguza matawi, kukata magogo na kuyaondoa pale yalipo, na vitu vyangu ni Toyota Hilux singo kebini foo wili ya dizeli, Stihl MS 261 na Husqvarna 372 XP. Nitasema kila kimoja kikoje, ila ujue kabisa nasimamia wapi: chenso inakata kwa meno ya cheni, pikapu inabeba kwa springi na tairi, ukizembea hapo hata uwe na injini kubwa namna gani utateseka.

MS 261 kwanza maana ndo inashinda mkononi. Ina cc 50.2, kilowati 3, na uzito kilo 4.9 bila baa wala cheni (baa ni ule ubapa wa chuma ambao cheni inauzunguka). Nimeifunga baa ya sentimita 40 na kazi nyingi inamaliza yenyewe, matawi yote, miti ya kawaida, magogo ya saizi ya kati. Inawaka vizuri, mtetemo mdogo, filta ya hewa unaifungua bila spana. 372 XP ina cc 70.7 na inazidi kilo 6 kabla hujafunga kitu, hii nimeipa baa ya sentimita 60 na inashuka kwenye gari pale tu kuna shina nene. Ina nguvu ya kweli, ukiizamisha kwenye gogo haizimi haibembelezwi. Lakini mtu asikudanganye ununue hiyo peke yake eti kubwa inafanya yote, ile tofauti ya kilo moja na ushee dukani huioni, njoo uione saa nane mchana umeishika tangu asubuhi, mikono imelegea, ncha ya baa inagusa tawi ambalo hukuliona nyuma ya lile unalokata, na ile sehemu ya juu ya ncha ikigusa mti mashine inarudi usoni kwako kabla hujafikiria chochote. Mimi uchovu nauogopa kuliko mti wenyewe.

Za chini ya hapo kama MS 170 yenye cc 30.1 ni nzuri kwa kuni za nyumbani na matawi, usiipe magogo kila siku utaiua bure. Na zile kubwa sana kama 070 yenye cc 106 ni za kupasua mbao, sio za kuzunguka nazo kwenye matawi.

Kuhusu feki nitasema kwa ufupi maana iliniuma. Chenso yangu ya kwanza ilikuwa nakala, rangi zilezile, umbo lilelile, muuzaji akaniapia ni orijino. Wiki ya tatu pampu ya oili ya cheni ikaacha kutoa, baa ikaungua ikawa ya bluu, na breki ya cheni nilivyoipima ikawa inabofyeka lakini cheni inaendelea kuzunguka. Hiyo breki ndo inayokulinda uso. Tangu siku ile kila asubuhi kabla ya kukata nawasha, naishika kwa mikono miwili, navuta moto kidogo (yaani naongeza kasi ya injini) halafu nasukuma ile ngao ya mbele kwa kifundo cha mkono, cheni isiposimama palepale mashine hairudi kazini. Na oili ya cheni naipima kwa kuelekeza ncha kwenye kipande cha mbao kisafi huku inalia, lazima uone mstari wa oili umejichora kwenye mbao, usipouona usikate.

Sasa cheni. Hapa ndo nataka mtu asome taratibu.

Cheni kali inatoa maranda, vipande vipande unaweza kuviokota kimoja kimoja, cheni butu inatoa unga. Ukiona unga unatoka na wewe unaanza kuegemea mashine ili ikate, simama hapohapo, maana ukiendelea unachemsha baa, unachosha klachi, na injini inafanya kazi ya meno. Vijana wengi wanasema mashine imeisha nguvu wakati kilichoisha ni makali, dakika kumi za tupa mashine inarudi kama mpya. Mi nanoa kidogo kila nikijaza mafuta, mapigo mawili matatu kila jino, sisubiri liwe butu kabisa, maana jino likishapiga jiwe ni lazima ule chuma kingi ndo urudishe kona.

Tupa lazima iwe ya saizi ya cheni yako, sio yoyote iliyopo kwenye boksi. Cheni ya .325 (hiyo na 3/8 ni saizi za cheni kwa inchi, umbali wa viungo vyake) inataka tupa ya milimita 4.8, ile ya 3/8 ya Stihl ni 5.2, ya Husqvarna ni 5.5, na ile 3/8 nyembamba ya mashine ndogo ni 4.0. Sukuma tupa kwenda mbele tu, ukirudi inyanyue, usiisugue kwenda na kurudi kama unakata chuma. Pembe nyuzi 30, idadi ya mapigo iwe sawa kulia na kushoto, ukipendelea upande mmoja mashine itakata kwa kupinda, gogo unalianza wima unalimaliza limekunja kama mundu. Kama umenoa sawa na bado inapinda, geuza baa uangalie kingo zake, mara nyingi upande mmoja umelika kuliko mwingine, au kuna kingo imechomoza nje kama wembe, hiyo unaipitisha tupa bapa inakaa sawa. Baa yenyewe igeuze juu chini kila unapobadili cheni ili ilike sawasawa, na ule mfereji wake uuchokonoe maana unga na oili vikigandana mle oili mpya haipiti.

Halafu kuna kale kadole mbele ya kila jino, wengi hawakagusi kabisa. Ndo kanaamua jino lizame kiasi gani kwenye mti. Kawaida kanatakiwa kawe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, ukinoa jino mara nyingi jino linashuka lakini kadole kamebaki juu, matokeo yake jino ni kali ukigusa linakukata kidole lakini kwenye mti linateleza tu. Tumia kile kipimo cha bati, kashushe kwa tupa bapa, ila usizidishe maana cheni itaanza kung'ata na kuruka, inakuwa hatari kweli. Na uchague jino kulingana na mti, lile lenye kona kali linakimbia sana kwenye mti msafi, lile lenye kona ya mviringo linakata polepole kidogo ila linavumilia mchanga na udongo. Mi kwa magogo yaliyoburutwa chini naweka la mviringo siku zote.

Mafuta ya mashine zote mbili ni 50 kwa 1, yaani petroli lita 5 kwa oili ya tu stroku mililita 100, ipime kwa kichupa, acha kukadiria kwa kizibo. Changanya ya kutosha wiki mbili tatu tu, petroli iliyochanganywa ikikaa inaharibika, na ile yenye ethanoli inavuta unyevu, kabureta inaanza kusumbua unaanza kulaumu plagi. Niliwahi kuua injini kwa kudharau kitu kidogo. Mashine ilianza kulia juu isivyo kawaida, nikiachia moto inachelewa kushuka, mi nikafurahi nikasema leo ina kasi. Kumbe mpira wa kuingizia hewa na mafuta umepata ufa, inavuta hewa ya ziada, mafuta ni kidogo na oili ipo ndani ya hayo mafuta. Mchana ikagoma. Nikafungua silensa nikamulika tochi kwenye tundu, pistoni ilikuwa na mistari ya kukwaruzwa upande ule wa egzosi kama imepitishwa kwenye sakafu ya zege. Pistoni na silinda vyote vikabadilishwa. Kwa hiyo mashine yenye kabureta ya kurekebisha kwa bisibisi, ukiipiga moto mwisho ikiwa hewani inatakiwa itoe sauti ya kukwamakwama kidogo, halafu ikiingia kwenye mti inakuwa nyororo. Ikilia nyororo na nyembamba ikiwa hewani tu, izime utafute tatizo. Zile zinazojirekebisha zenyewe kwa umeme hazisikiki hivyo, ila hata hizo ikichelewa kushuka moto usipuuze.

Haya, pikapu.

Kabla hujachagua fanya hesabu hii. Mti mbichi wa mbao ngumu una maji mengi, meta moja ya ujazo inakaribia tani nzima. Gogo la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa meta moja ni kama meta za ujazo 0.2, kwa hiyo kilo 200 hivi. Magogo matano tu, ambayo kwa macho hata bodi hayajajaza, tayari ni tani moja, na pikapu nyingi za daraja hili zinabeba tani moja hivi ukihesabu humohumo watu, chenso, madumu na kila kitu. Mi pikapu yangu ya kwanza nilikuwa napakia kwa macho, bodi lina nafasi basi ongeza, mpaka siku nashuka mteremko bamba moja la springi ya nyuma likakatika na gari likalala upande. Namshukuru Mungu tulikuwa mwendo mdogo.

Hilux nimeichagua singo kebini kwa sababu bodi lake ni refu, meta 2.3 hivi, dabo kebini unabaki na meta moja na nusu ambayo gogo la meta mbili linaning'inia nje na uzito wote unakaa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi usukani unaelea. Kama unabeba watu wengi kuliko magogo sawa chukua dabo, ila usitarajie ifanye kazi ya singo. Land Cruiser 79 ni gari jingine kabisa kwa uimara, hasa ile ya injini ya 1HZ, lita 4.2 silinda sita bila taabo, pampu ya dizeli ya kizamani ambayo fundi yeyote anaielewa, kama kazi yako ni ndani ya misitu siku zote na uwezo upo usijiulize mara mbili. Isuzu D-Max ya lita 3 nayo nimeiendesha ya rafiki, inavuta vizuri na injini yake inatumia taimingi cheni, yaani vali zinazungushwa na cheni badala ya belti ya mpira. Hilux kagua ni ya injini gani, zile za 1KD na 2KD ni taimingi belti, ukinunua iliyotumika na hujui belti ilibadilishwa lini badilisha wiki hiyohiyo, ikikatika injini inakufa. Za 1GD na 2GD ni cheni.

Tairi weka zile za magari ya mzigo, plai 8 au 10 (kipimo cha tairi linavyohimili mzigo), na upepo wa nyuma ufuate kile kibandiko cha mlangoni upande wa mzigo, sio ule wa gari tupu. Kazi ya miti ni visiki, tairi laini linatobolewa ubavuni na ubavu hauzibiki. Filta ya hewa napuliza mara kwa mara, na jioni nalala chini ya gari natoa majani na unga wa mbao ulionasa karibu na egzosi, majani makavu na bomba la moto ni moto wenyewe.

Dumu la petroli nalishusha chini kwenye udongo kabla ya kulijaza, kamwe silijazi likiwa juu ya bodi, hasa bodi lenye plastiki, umeme wa msuguano haupati pa kutokea na cheche moja inatosha. Chenso nayo naiacha ipoe kwanza ndo naijaza, halafu nasogea kama meta tatu kutoka hapo ndo nawasha.

Lalamiko langu moja kwa pikapu ya foo wili ni urefu wa bodi kutoka chini, sio Hilux tu, zote ziko juu, na kila sentimita unainyanyua kwa mgongo. Nilichofanya nimetafuta mbao mbili nene za meta tatu, nimezifunga vyuma vya kulabu mwishoni zinang'ang'ania mlango wa nyuma, gogo tunalifunga kamba mbili, ncha za kamba zimefungwa ndani ya bodi, zinapita chini ya gogo na kurudi juu, watu wawili wanavuta wakiwa juu ya bodi na gogo linaviringika lenyewe. Hakuna mtu anasimama chini ya gogo. Kijana wangu alikuwa na mazoea ya kusukuma kwa bega kutoka nyuma, nikamwambia mdogo wangu kamba ikikatika hili ni kilo mia mbili na wewe ndo breki yake, toka hapo. Sasa hivi yeye ndo anawafukuza wageni wakisogea.