Muungano wa bandari za Seattle na Tacoma: gati nyota nne, geti nyota mbili

Nimevuta makontena Kilindini miaka tisa, na sasa huku jimbo la Washington, Marekani, natimiza mwaka wa saba kwa kazi ileile. Nalipwa kwa safari, silipwi kwa saa. Nikisema Northwest Seaport Alliance, yaani muungano wa bandari za Seattle na Tacoma, imenifaa, nimepima kwa mfuko wangu.

Madereva niliowakuta walikuwa wakisimulia jinsi bandari hizi mbili, zilizoachana kilomita 50 hivi, zilivyonyang'anyana meli. Mwaka 2009 kampuni ya meli ya Maersk ilihama Tacoma ikaenda Seattle. Mwaka 2012 kundi la kampuni za meli liitwalo Grand Alliance likatoka Seattle likaenda Tacoma. Huku ndugu wawili wakivutana, bandari za Prince Rupert na Vancouver za Kanada zilikuwa zikiwania mizigo hiyohiyo. Agosti 2015 makamishna wanaosimamia bandari hizo, watano kwa watano, wakaweka gati zao za makontena chini ya usimamizi mmoja.

Matunda nimeyaona. Terminal 5 ya Seattle ilifunguliwa upya Januari 2022, na sasa inapokea meli kubwa kweli kweli. Sisi wenye malori sharti letu ni moja popote tuingiapo, injini ya 2007 au mpya zaidi, na usajili wa lori ni mmoja. Hilo peke yake limeniokolea siku nyingi za kuzunguka maofisini.

Ila waliokubaliana ni wenye ardhi, yaani bandari zenyewe. Teminali zinaendeshwa na kampuni mbalimbali, na kila moja ina miadi yake ya malori na saa zake za kufungua geti. Novemba nilichukua kontena Seattle, nikashusha mzigo Kent, mji ulio kati ya bandari hizo mbili, wenye meli wakaagiza kontena tupu lirudishwe Tacoma. Kufika getini (teminali siitaji), naambiwa tupu za kampuni ile hazipokewi tena leo, na miadi ya kesho imejaa. Nililala nalo siku mbili, chesi ya kukodi (fremu yenye magurudumu inayobeba kontena) ikihesabiwa, na safari ile sikulipwa hata senti. Iliniuma sana, kwa sababu jirani yake palikuwa na teminali isiyo na foleni kabisa.

Ninachoomba ni ratiba moja ya miadi, na tupu lipokelewe popote penye nafasi.

Ndugu dereva unayetaka kuanza, jisajili bila wasiwasi. Lakini safari ya kurudisha tupu usiikubali kabla hujaiona miadi kwa maandishi.