Taarab ya wanawake watupu harusini: masharti mengi, na wana haki nayo

Assalaam aleikum wapenzi. Nimeulizwa na wengi juu ya lile kundi lililopiga kwenye harusi ya mdogo wangu, na kwa vile hakuna hata klipu moja iliyotoka (hilo ntalieleza) naona bora niandike hapa mara moja nisikae nikirudia kwa kila mtu wasap.

Jina la kundi sitaji, wenyewe wameniomba. Kazi wanazipata kwa mdomo na zinawatosha, afu kati yao yuko ambae kaka zake hawajui anakwenda wapi siku za harusi. Wa mjini Unguja mshawajua nawasema kina nani. Asojua anitumie meseji, awe mwanamke na awe na shughuli kweli, sio udaku.

Haya, bei. Milioni moja na laki mbili kwa masaa manne, vyombo vyao, spika zako. Nusu unatanguliza, nusu iliobaki unaimaliza kabla hawajagusa bashrafu (ule muziki wa kufungulia, hauna maneno), sio baada. Mama yangu hapo alinuna, ati mtu analipwa keshamaliza kazi, lakini bi mkubwa wao kamjibu kwa upole tu, mwanangu, sie tushapiga mpaka saa saba usiku, watu wameshiba biriani wameondoka, asubuhi mwenye shughuli simu haipokei. Mama akafungua mkoba.

Afu yakaja masharti. Hakuna mwanamme ukumbini, na mtoto wa kiume akishabaleghe na yeye ni mwanamme, usiwaletee habari za huyu bado mdogo. Simu mlangoni kuna binti kakaa na gundi ya karatasi, anakubandikia kamera mbele na nyuma, ukibandua unatolewa nje na uwe shangazi wa biharusi. Isha ikiingia wanasimama, wanasali, wanarudi. Wimbo wa kuombwa wanaimba lakini ukiwambia nauelekeza kwa fulani bin fulani, umpige kijembe, hawauimbi. Na kutunza ni kwenye kikapu cha ukili kilichowekwa mbele ya steji, hakuna kumbandika mtu noti kwenye paji la uso wala kumtia kifuani.

Watu wa upande wa pili (wakwe zetu, Allah awabariki) walisema hawa wanamuziki gani wenye maringo hivi. Mie mwanzo nilinyamaza, lakini nawajibu hapa. Ukumbi ulikuwa na wanawake karibu mia tatu, ushungi umetupwa huko, nywele zimewachiwa, watu wazima wanakata viuno kama wako sebuleni kwao, na kesho yake hakuna alieamka akajiona kwenye statasi ya mtu. Lini mara ya mwisho umeenda harusi ya Unguja ukacheza bila ya kuangalia nyuma yako nani kanyanyua simu? Yale masharti ndo yaliotufanya tucheze.

Sasa muziki wenyewe, hapa ntakaa kidogo. Sio rusha roho, ile taarab ya kisasa, ya kibodi na mtu mmoja na flashi ya kompyuta. Ni wanawake kumi na kitu, kanuni (ile ya nyuzi nyingi inayopakatwa), udi wa nyuzi, fidla mbili, akodiani, dumbaki na riki za kugonga, na ndio, kibodi moja ambayo mie ningeiwacha nyumbani mana ilikuwa inazimeza fidla. Wanavaa sare, dera za rangi ya zabarajadi na ushungi wa dhahabu, kila mmoja na kikuba chake kifuani, ile harufu ya asmini ilikuwa inatufika mpaka viti vya nyuma kabla hata chetezo hakijazungushwa.

Bi mkubwa ndo anaepiga kanuni. Ana miaka sitini na ushee, na nilimkuta kaipakata anaitia sauti, nyuzi zaidi ya sabini zile, anazungusha ufunguo kidogo, anadonoa, anasikiliza, anarudi nyuma. Kila akimaliza upande mmoja upande wa pili ushalegea. Akanyanyua kichwa akatazama eyasii iliokuwa inampulizia mgongoni akasema zimeni hicho kidude, kinanichezea nyuzi. Ikazimwa. Ukumbi mzima joto, wanawake wanajipepea na kadi za mwaliko, na yeye hana haraka, akavaa zile pete zake za chuma kwenye vidole vya shahada, akachomeka kucha za kupigia, akajaribu tena. Tulichelewa kuanza karibu saa nzima na hapo nawakata alama, wangekuja mapema. Lakini alipopiga ile taksimu ya mwanzo, kanuni tupu ya kubuni papo hapo, peke yake, mama yangu aliekuwa kanuna alisema tu mashallah, na mama yangu si mtu wa kusema mashallah kwa kitu alichokilipia.

Kwa wasiojua, wanawake kuimba sio kitu kigeni kwetu, kugeni ni kuvishika vyombo. Mjini tulikuwa na makundi ya akina mama, Sahib el-Arry na Nuru l'Uyun, wakishindana kwa sare na mafumbo mpaka watu wakakosana, lakini vyombo aghlabu vikipigwa na wanaume. Bi Mariam Hamdani na kundi lake la Tausi ndo waliotuonesha orkestra ya wanawake watupu mpaka kwenye kanuni. Na ile skuli ya muziki ya Nchi za Majahazi iliofunguliwa 2002 pale Mizingani imetoa wasichana wengi wenye kusoma noti. Hawa nnaowasifu wamechanganyika, wengine wamefundishwa na mama zao, wengine darasani, na unasikia kabisa tofauti, wa darasani wanahesabu, wa nyumbani wanasubiriana.

Isha ilipoingia wakasimama kweli. Mie nikapita nyuma ya steji kuwapelekea juisi ya ukwaju na sambusa nikawakuta washatandika mikeka. Mwimbaji mkubwa, yule mwenye sauti nzito, kainama kwenye karai anakosha uso na yale mapambo yote yaliomchukua saa nzima yanakwenda na maji. Nikamwambia loh, dada, si utaanza upya. Akasema kila shughuli naanza upya, nshazoea, ndo mana rangi ya kucha situmii, natia hina na piko tu, udhu unapita. Akasali, akakaa chini na kioo kidogo akajipaka upya huku anatafuna sambusa.

Hapo ndo tukazungumza, na kwangu mie yale mazungumzo yalikuwa na thamani kuliko zile milioni.

Mpiga udi ni Mpemba wa Wete, binti wa miaka ishirini na kitu. Baba yake ana chuo, anasomesha watoto msahafu mpaka leo. Nikamuuliza, na mzee anajua? Akasema anajua napiga udi, hajawahi kuniona, kila nikimpigia simu kumwambia nna shughuli ananiuliza swali moja tu, kuna wanaume? Nikisema hamna anasema haya, usichelewe kulala. Akanambia na pumzi anayoimbia kaipata chuoni kwa baba yake, kwenye kuvuta madda (zile sauti ndefu za msahafu), mana ukizoea kusoma aya ndefu bila ya kukata mahala pasipokatwa basi ubeti wa taarab haukushindi. Anashika risha ya kupigia udi kama alivyokuwa akishika kijiti cha kufatia herufi, haya maneno yake. Mjini watu wanamcheka anavosema, wanamwigiza Kipemba chake, akiimba wanasema lo, kumbe sauti ya Kipemba tamu. Hilo linamkera zaidi kuliko kuchekwa.

Mwimbaji yeye ana msimamo mwengine. Anaimba na mahotelini, Nungwi na Paje huko, mbele ya wageni wanaume na wanawake, ushungi kichwani. Ana watoto watatu na mume hayupo, hakueleza kaenda wapi na mie sikuuliza. Hoteli wanalipa kila mwisho wa wiki, harusi ni msimu. Binti wa Wete akamwambia mbele yetu kabisa, dada mie siwezi, nahisi nafsi yangu hainipi. Na yeye akamjibu, hujafikwa na karo wewe. Wote wakacheka, bi mkubwa akasema kila mtu na hesabu yake mbele ya Mola wake, mie hapa nataka mje na vyombo vimetiwa sauti. Yaani ndani ya kundi moja wanakhitilafiana kitu kizito kama hicho na saa hiyohiyo wanagaiana katlesi.

Nikamuuliza bi mkubwa hajachoka na maneno ya watu. Akanambia maneno alianza kuyasikia bado mwari, mchumba wa kwanza alimwacha kwa sababu ya kanuni, wa pili alimuoa na kanuni yake na kwenda kumchukua usiku akenda mwenyewe na baskeli. Afu akaniuliza, na Siti mlimwachaje? Kweli jamani. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, jina alilopewa akizaliwa Mtumwa, akauza vyungu, akaja mjini watu wakamtungia ubeti wa kumkumbusha kaniki yake na kumwambia bila ya ile sauti angekula nini. Mwaka 1928 akenda Bombay akarikodi kwa Kiswahili, mtu wa mwanzo wa pwani hii kufanya hivo, na leo kila tamasha tunamtaja. Bi Kidude vilevile. Akiwa hai kasemwa kwa sigara, kwa ngoma, kwa kutojifunika, akapewa tuzo ya muziki ya kimataifa ya WOMEX 2005, alipofariki Aprili 2013 mpaka Rais Kikwete alikuja mazikoni. Tunawapenda sana wakishakuwa picha ukutani. Mwambie mtu mwanao anataka kumuoa mpiga fidla, uone atavokohoa.

Awamu ya pili ndo ilikuwa harusi sasa. Walianza na zile za zamani taratibu, wazee wakainuka na kanga zao, afu wakaingiza kidumbaki, ile ya mwendo wa kasi ya kuchezea, na hapo hata biharusi aliekuwa kaambiwa atulie akatikisa mabega. Shangazi yangu mmoja (hatomjua mtu) alikuwa keshajiandaa na noti zake mkononi ili mtu mmoja wa meza ya mbele aimbiwe, akamwendea mwimbaji akamnong'oneza sikioni, mwimbaji akatabasamu, akapokea noti, akazitia kwenye kikapu, akaimba wimbo wa kumuombea biharusi kizazi chema. Shangazi alirudi kukaa uso umemshuka, na yule aliekusudiwa hajui mpaka leo, labda akisoma hapa. Kikapu chenyewe wanagawana sawasawa mpaka mpiga riki, niliwaona kwa macho yangu wanahesabu.

Kasoro sasa, msije mkasema wamenipa chochote. Kuchelewa nishasema. Kibodi nishasema. Waitikiaji wawili walikuwa wanatafuta maneno ya wimbo kwenye daftari, kwa bei ile wangeyahifadhi. Na masaa yao manne yalipotimia walikata kama umeme, watu bado wamo uwanjani wanacheza, ukitaka nusu saa zaidi unalipa papo kwa papo, tukachangishana pale na mapochi tukapata. Sijalipenda lakini waliniambia kabla, siwezi kulalamika.

Spika zile zilizokuwa zikipiga kelele kama mbuzi kafungwa siku ya jua, hizo hazikuwa zao, tulikodi sie mahala pengine na sitaji wapi. Na hapo patamu, fundi mitambo ni mwanamme, kwa hiyo kafungiwa nyuma ya pazia nje ya mlango na mikisa yake (mashine ya kuchanganyia sauti), haoni kitu, binti wa mlangoni anamtumia meseji za wasap, shusha kibodi, pandisha maiki ya kati, yeye anapandisha ya pembeni. Bi mkubwa kasema yule binti wa Wete yuko anajifunza mikisa sasa, akishaweza hawatohitaji mtu wa nyuma ya pazia tena, na mie nasema afanye haraka.

Alama zangu nne na nusu kwa tano. Ile nusu waifate wakijifunza kufika mapema.

Kwa wanaotaka kuwachukua: Ramadhani hawapigi kabisa, hata ukiwapa dhahabu. Shaabani ishajaa, mnajua wenyewe kila mtu anataka kuozesha kabla ya mfungo. Mfunguo mosi nasikia zipo Ijumaa mbili bado. Bi mkubwa mpigieni baada ya alasiri, asubuhi yuko sokoni Darajani na simu anaiwacha nyumbani. Akikuuliza ukumbi una chumba cha kusalia nyuma ya steji, ujue jibu kabla hujapiga, mana ukisema ntakuangalizia anakata.